Zermatt kwa Miguu, kwa Baiskeli na kwa Skii: Jinsi ya Kuzitumia Njia Zake

Zermatt ni mji mdogo wa kitalii kusini mwa Uswisi, katika jimbo la Valais, pale bonde linapoishia. Umekaa mita 1,620 juu ya usawa wa bahari, na juu yake umesimama mlima Matterhorn, mita 4,478, umechongoka kama ncha ya mkuki. Wageni wengi hufika, wakaupiga picha, wakapanda treni ya juu, wakashuka na kuondoka siku hiyohiyo. Nawaonea huruma, maana wameacha kitu chenyewe. Kuna takriban kilomita 400 za njia za kutembea kwa miguu, kuna njia za baiskeli za milimani, na wakati wa baridi kuna kilomita 360 za kuteleza kwa skii ukihesabu na upande wa Italia.

Tatizo ni kwamba lifti na treni zimeufanya mlima uonekane mwepesi. Unamaliza kifungua kinywa mjini, na kabla ya saa moja kwisha umeshasimama kwenye kilele kingine kiitwacho Klein Matterhorn, mita 3,883, kwenye kituo cha gari la kebo kilicho juu kuliko vyote Ulaya. Kupanda hivyo hakuhitaji akili yoyote. Akili inahitajika kwenye kushuka: kwa njia ipi, saa ngapi, na nani mwenye haki ya kupita kwanza kwenye njia hiyo. Ndiyo maana katika kila hatua hapa chini nitakurudisha kwenye swali moja: utarudi vipi?

Hatua ya 1: Chagua majira kabla ya kuchagua njia

Njia za juu, zile zilizo zaidi ya mita 2,300, huwa na theluji hadi Juni. Kwa kutembea na kwa baiskeli, muda mzuri ni kuanzia mwisho wa Juni hadi mwanzoni mwa Oktoba. Mimi napendekeza Septemba: mvua za radi za alasiri zimepungua, anga ni safi, na watu ni wachache kuliko Julai na Agosti. Ukichelewa hadi Oktoba utawahi kuona miti ya jamii ya msonobari iitwayo lachi, ambayo majani yake hugeuka rangi ya dhahabu kabla ya kupukutika.

Skii ni kuanzia mwisho wa Novemba hadi Aprili. Kule juu kabisa, kwenye barafuto (mto wa barafu) la Theodul, watu huteleza hata Julai, ingawa jambo hilo si la kutegemea kama zamani. Mwisho wa Julai 2022 utelezaji wa majira ya joto ulisimamishwa kwa sababu barafu ilikuwa inayeyuka kupita kiasi.

Mei na Novemba ziache. Lifti nyingi hufungwa kwa matengenezo, njia za juu zimelowa, na utalipia hoteli ili utazame mawingu.

Hatua ya 2: Fika, na acha siku ya akiba

Magari ya petroli na dizeli ya wageni hayaingii Zermatt. Ukija kwa gari unaliacha Täsch, kilomita tano chini, kisha unapanda treni ya dakika 12. Ukija kwa treni kutoka uwanja wa ndege wa Zurich, unabadilisha treni katika mji wa Visp na safari nzima ni kama saa tatu na nusu. Ndani ya mji utakuta vigari vidogo vya umeme. Haviungurumi, kwa hiyo angalia nyuma kabla ya kuvuka barabara.

Mnamo Januari 2018 theluji ilianguka nyingi mno, hatari ya maporomoko ikapanda hadi kiwango cha juu kabisa, na barabara pamoja na reli zikafungwa. Watalii kama 13,000 walikwama mjini, baadhi wakatolewa kwa helikopta. Haitokei kila mwaka, lakini bonde hili lina mlango mmoja tu. Ukija wakati wa baridi, usipange ndege yako ya kurudi siku ileile unayotoka Zermatt. Weka siku moja katikati.

Kuhusu bima: viza ya Schengen inakutaka uwe na bima ya matibabu ya angalau euro 30,000, na wengi huishia hapo. Soma maandishi madogo. Bima nyingi za aina hiyo hazigusi skii, baiskeli za mteremkoni wala gharama za kukutafuta na kukuokoa mlimani, na helikopta ni gharama kubwa. Tafuta inayotaja mambo hayo kwa jina. Kampuni ya uokoaji ya hapo hapo, Air Zermatt, iliyoanzishwa 1968, nayo ina kadi ya uanachama kwa ajili ya gharama hizo. Wageni pia wanaweza kuinunua.

Hatua ya 3: Siku ya kwanza baki chini

Ugonjwa wa mwinuko huanza kuwapata watu wanapovuka mita 2,500 hivi. Dalili ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu, kukosa usingizi. Dawa yake ya uhakika ni kushuka. Uzuri wa Zermatt ni kwamba unalala chini na kupanda mchana, jambo linaloupa mwili nafuu. Lakini ukishuka tu kwenye ndege na kesho yake ukaenda moja kwa moja mita 3,883, usishangae ukikaa kwenye benchi huku umeshika kichwa.

Siku hiyo ya kwanza tembea hadi Zmutt. Ni kijiji kidogo kilicho mita 1,936, saa moja na robo kutoka mjini kwa mwendo wa kawaida. Njiani simama kwenye maghala ya zamani ya nafaka. Yamejengwa kwa magogo yaliyokuwa meusi kwa jua la miaka mingi, na kila ghala limesimama juu ya miguu mifupi ya mbao. Juu ya kila mguu kuna bamba la jiwe, duara na pana, lililolazwa kama sahani. Panya anaweza kupanda mguu lakini akifika chini ya jiwe anakosa pa kushika. Utaelewa hapo jinsi watu walivyoishi katika bonde hili kabla ya hoteli.

Jua la milimani ni kali kuliko hewa ya baridi inavyokudanganya. Kila mita 1,000 unazopanda, miale inayounguza ngozi huongezeka kwa kama asilimia 10, na theluji mpya hurudisha sehemu kubwa ya miale hiyo usoni kutoka chini. Ngozi nyeusi nayo huungua, na macho hayana kinga ya rangi. Miwani ya jua ni ya lazima, losheni ya kukinga jua vilevile, pamoja na ya midomo.

Hatua ya 4: Jifunze kusoma kibao

Uswisi ina kilomita kama 65,000 za njia za miguu, na zote hutumia alama zilezile. Ukizijua hapa, unazijua nchi nzima.

Simama mbele ya nguzo yoyote ya njia. Kwenye nguzo kuna kibati cheupe chenye jina la mahali ulipo na mwinuko wake kwa mita. Hapo hapo unajua uko wapi, hata simu ikizima. Juu na chini yake kuna mishale ya njano yenye majina ya mahali na muda wa kufika. Sasa angalia ncha ya mshale, maana hapo ndipo penye habari kuu:

- Njano tupu: njia ya kawaida. Viatu imara vinatosha.
- Nyeupe-nyekundu-nyeupe: njia ya mlimani. Kuna miinuko mikali, mawe yanayosogea, pengine kamba au mnyororo wa kushikilia. Uwe na miguu thabiti na usiwe mwoga wa kimo.
- Nyeupe-buluu-nyeupe, na mshale wenyewe ni wa buluu badala ya njano: njia ya alpini. Inaweza kupita kwenye barafu au kwenye miamba ya kukwea kwa mikono. Kama hujawahi kutumia kamba na meno ya chuma ya kufunga viatuni, hiyo si yako bila kiongozi wa milima aliyeidhinishwa.

Rangi hizohizo hupakwa juu ya mawe kila baada ya hatua kadhaa. Ukitembea muda mrefu bila kuona mchoro, rudi hadi ulipoona wa mwisho.

Muda ulioandikwa hauhesabu mapumziko. Umekokotolewa kwa mtu anayetembea kilomita 4.2 kwa saa kwenye tambarare, na kuongezewa kwa ajili ya miinuko. Mtu asiyezoea milima aongeze theluthi moja, na mwenye watoto aongeze nusu au zaidi. Kisha afanye hesabu kuanzia nyuma: lifti ya mwisho ni saa ngapi, ondoa muda wote wa njia pamoja na ule ulioongeza, na kinachobaki ndiyo saa ya mwisho ya kuanza. Saa za lifti hubadilika kila msimu, kwa hiyo piga picha ratiba ukiwa kituo cha chini.

Vibao vyekundu vyenye picha ya baiskeli ni vya waendesha baiskeli. Wakati wa baridi huongezeka vya rangi ya waridi, vinavyoonyesha njia za kutembea kwenye theluji. Njia ya njano ya Julai inaweza kuwa chini ya mdomo wa maporomoko ya theluji mwezi Februari. Kibao chake bado kimesimama pale, lakini hakuna anayeilinda. Wakati wa baridi fuata rangi ya waridi peke yake.

Hatua ya 5: Tembea

Njia ninayowaambia wageni waanze nayo ni ile ya maziwa matano, iitwayo 5-Seenweg. Ina urefu wa kilomita tisa na ushei, saa mbili na nusu za kibao, ambazo kwa watu wa kawaida huwa nne. Unapanda treni ya ndani ya handaki hadi Sunnegga, mita 2,288, kisha kibanda cha kebo hadi Blauherd. Kutoka hapo dakika ishirini tu uko Stellisee. Nenda asubuhi mapema. Upepo ukiwa bado umelala, Matterhorn mzima unaonekana kichwa chini ndani ya maji. Kufika saa nne au saa tano maji yamekwaruzwa na upepo na picha imepotea.

Kisha zinafuata Grindjisee, Grünsee, Moosjisee na Leisee. Mlima hujirudia majini katika Stellisee, Grindjisee na Leisee. Grünsee haina mlima huo lakini ina ufuko wa mawe na maji ya kuogelea kwa mwenye moyo wa kuvumilia baridi. Moosjisee imetengenezwa na watu, maji yake ni ya buluu yenye weupe kama maziwa ya ng'ombe kwa sababu ya unga wa mawe unaosagwa na barafu. Ukitoka Moosjisee jiandae: njia nzima umekuwa ukishuka, lakini kutoka hapo hadi Leisee, karibu na Sunnegga, kuna mpando mkali, na unakuja wakati miguu imeshachoka. Hapo ndipo watoto hulia. Wabakishie biskuti.

Ukikosa treni ya mwisho Sunnegga, usiingiwe na hofu. Kuna njia ya msituni hadi mjini, saa moja na zaidi kwa kushuka, ila gizani uwe na tochi ya kichwani.

Ya pili ni kutoka Rotenboden. Treni ya Gornergrat ilianza 1898 ikitumia umeme tangu siku ya kwanza, na reli yake ina meno katikati ili isiteleze. Kituo cha mwisho ni mita 3,089. Nenda hadi juu utazame mito ya barafu, kisha rudi kituo kimoja hadi Rotenboden, mita 2,815, ushuke kwa miguu hadi ziwa Riffelsee na kuendelea hadi Riffelberg. Ni kama saa moja ya mteremko mwepesi, na ukichoka Riffelberg kuna kituo, ukiwa na nguvu endelea hadi Riffelalp. Njia yenye vituo vya treni pembeni ni njia nzuri kwa wazee, maana kurudi kuko karibu wakati wote.

Kwa wenye nguvu kuna daraja la kuning'inia la Charles Kuonen, juu ya kijiji cha Randa, vituo viwili kutoka Zermatt kwa treni. Lilifunguliwa Julai 2017, lina urefu wa mita 494 na upana wa sentimita 65 tu. Mkikutana na mtu katikati mnapishana kwa kugeuza mabega. Sakafu yake ni ya wavu, unaona bonde chini ya nyayo zako. Kulifikia ni kupanda zaidi ya mita 600 kutoka Randa, saa mbili za jasho bila lifti yoyote. Ukiwa kule, ng'ambo ya bonde utaona kovu kubwa la mawe ya kijivu: mwaka 1991, Aprili na tena Mei, upande mzima wa mlima uliporomoka, ukafukia reli na barabara. Ndiyo sababu vibao vya "mawe huanguka, usisimame" katika sehemu hizi hatuvichukulii kama mapambo. Pita haraka, kula chakula chako mbele.

Hörnlihütte, banda la wapanda Matterhorn lililoko mita 3,260, linawavutia wengi. Kutoka ziwa Schwarzsee ni karibu mita 700 za kupanda, zenye ngazi za chuma na kamba. Linawezekana kwa mtembeaji mzoefu siku kavu kuanzia Julai. Siku yenye theluji mpya au mawingu ya radi, achana nalo.

Jambo moja zaidi kuhusu maji. Mito ya bonde hili huvunwa kwa umeme, na mitaro ya kuchukulia maji inapofunguliwa, mto mdogo unaweza kujaa ghafla bila mvua kunyesha. Ukiona kibao chenye picha ya mtu anayekimbia wimbi, usishuke kwenye mawe ya mtoni hata kama pamekauka. Maji ya kunywa yachote kwenye mabomba ya mjini. Yale yasiyofaa huandikwa "Kein Trinkwasser".

Hatua ya 6: Baiskeli

Anza kwa bonde. Zermatt hadi Täsch ni njia pana na rahisi, inafaa kujaribia breki na gia za baiskeli ya kukodi. Ukiridhika, panda na baiskeli yako hadi Sunnegga na ushuke njia iliyotengenezwa kwa ajili ya baiskeli. Kushuka huko ni mita 668 za kimo, na kosa la wageni wengi ni kushika breki kidogo kidogo muda wote. Breki za diski zikipata moto hupoteza nguvu. Shika kwa nguvu kabla ya kona, achia ndani ya kona, na simama mara kwa mara pembeni upumzishe mikono. Diski usiiguse, itakuunguza.

Mwili nao una mkao wake. Simama juu ya pedali, zote mbili zikiwa usawa mmoja, makalio yakiwa yameinuka kidogo kutoka kwenye siti na kurudi nyuma, magoti na viwiko vikiwa vimelegea. Kidole kimoja kimoja kwenye kila breki. Macho yatazame unakotaka kutokea. Ukilitazama jiwe, utaligonga. Waombe dukani wakushushie siti kabla ya mteremko kama baiskeli haina kitufe chake. Kofia ngumu, glavu na vikinga magoti vaa hata kama wenzako hawana.

Kukagua baiskeli ya kukodi ni dakika mbili: zungusha kila tairi uone kama linagusa breki, bana lever za breki uone kama zinafika hadi kwenye usukani (zikifika, kataa), bonyeza tairi kwa kidole gumba, tikisa usukani huku umeshika breki ya mbele. Beba tyubu, pampu na funguo ndogo. Mtu anayepata pancha Blauherd bila pampu ana safari ndefu ya kusukuma.

Kwenye njia inayotumiwa na wote, mtembea kwa miguu ndiye mwenye haki. Piga kengele mapema, punguza mwendo hadi wa kutembea, salimia, na kwenye wembamba simama kabisa. Neno "Grüezi" linatosha. Usiburute tairi la nyuma kwa breki: michirizi hiyo hugeuka mfereji mvua ikinyesha, na baada ya misimu michache njia imekufa. Mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, ngoja hadi mchana njia ikauke. Mageti ya ng'ombe na kondoo yafunge nyuma yako kama ulivyoyakuta.

Ukikodi baiskeli ya umeme, ujue kwamba tangu Aprili 2022 sheria ya Uswisi inataka taa zake ziwake hata mchana. Chunguza pia chaji kabla ya kuanza kupanda. Baiskeli hizi ni nzito, na betri ikiisha kwenye mpando utajua uzito wake wote.

Hatua ya 7: Skii

Kama hujawahi kuvaa skii, chukua mwalimu. Hili sina mjadala nalo. Saa chache za mwalimu zitakuokoa siku za kuanguka, na zitawaokoa waliopo chini yako. Wanaoanza hupelekwa Sunnegga, kwenye uwanja wa wanafunzi karibu na Leisee. Pana jua na mteremko ni mdogo.

Dukani unapokodi vifaa watakuuliza uzito, urefu, umri na kiwango chako. Sema ukweli mtupu. Namba hizo ndizo zinazoamua kifungio kitaachia kiatu kwa nguvu kiasi gani ukianguka. Anayejisifia ujuzi asio nao huwekewa kifungio kigumu, na kisipoachia, goti ndilo linaloachia. Kiatu kikubane, vidole viguse ncha ukisimama wima na virudi nyuma kidogo ukikunja magoti.

Buluu ni rahisi, nyekundu ni ya kati, nyeusi ni ngumu. Zermatt ina pia njia za njano: zimewekewa alama na kulindwa dhidi ya maporomoko, lakini hazijasawazishwa na mashine. Rangi haikwambii hali ya leo. Njia ya buluu iliyoganda asubuhi inaweza kukutesa kuliko nyekundu yenye theluji laini.

Shirikisho la kimataifa la skii, FIS, liliweka kanuni 10 za mwenendo mwaka 1967, na hadi leo ajali zikifika mahakamani kanuni hizo hutumika kupima nani alikosea. Kubwa kuliko zote: aliye chini yako ndiye mwenye haki. Wewe unayetoka juu unamwona, yeye hakuoni, kwa hiyo ni juu yako kuchagua njia isiyomgusa. Ukisimama, simama ukingoni, na usisimame nyuma ya kichuguu ambako anayekuja hawezi kukuona.

Sasa suala la Italia. Kutoka juu unaweza kuteleza hadi Breuil-Cervinia, ukanywa kahawa na kurudi, mradi una tiketi ya lifti ya pande zote mbili na pasipoti mfukoni. Ni siku nzuri mno. Lakini lifti za kurudi zinapita mwinuko mkubwa, na upepo ukivuma hufungwa. Ukikwama upande ule, kurudi Zermatt kwa barabara ni safari ya saa nyingi kuzunguka milima. Angalia utabiri wa upepo asubuhi, na saa sita mchana uwe umeshaanza kufikiria kurudi, si kuagiza chakula.

Jioni, mteremko wa kurudi mjini huwa umejaa watu, umechakaa na una barafu, na kila mtu amechoka. Majeraha mengi ya goti yanasubiri hapo. Panda lifti ushuke nayo. Wazoefu nao hufanya hivyo.

Nje ya njia zilizowekwa alama ni dunia nyingine. Kwenye barafuto kuna nyufa zilizofunikwa na theluji nyembamba, na mita chache nje ya alama zinatosha kukutumbukiza. Kwingineko hatari ni maporomoko. Taasisi ya theluji ya SLF, iliyoko Davos, hutoa taarifa kila siku saa kumi na moja jioni na tena saa mbili asubuhi wakati wa baridi, kwa kiwango cha 1 hadi 5. Watu huogopa 4 na 5 na hukaa ndani. Wanaokufa wengi hufa siku za 3, kwa sababu 3 inasikika kama katikati. Miteremko ya nyuzi 30 na zaidi ndiyo inayoporomoka, na mara nyingi anayeanzisha poromoko ni mtu mwenyewe au mwenzake. Bila kifaa cha kutuma na kupokea mawimbi, fimbo ya kupimia, koleo, mafunzo ya kuvitumia na kiongozi anayejua mahali, baki ndani ya alama.

Asiyeteleza naye ana nafasi yake: sleji kutoka Rotenboden hadi Riffelberg, ambapo treni inakurudisha juu mara nyingi upendavyo, na njia za waridi za kutembea. Kuna pia skii ya tambarare kati ya Täsch na Randa. Ukitembea kwa miguu huko usikanyage ile mifereji miwili sambamba iliyochongwa na mashine, shimo la kiatu kimoja humwangusha anayekuja.

Hatua ya 8: Mambo yakiharibika

Katika Valais, namba ya ambulensi na uokoaji wa milimani ni 144. Namba 112 nayo inafanya kazi. Mwambie anayepokea: uko wapi (jina na mwinuko kutoka kwenye kibati cheupe cha mwisho ulichokiona), nini kimetokea, watu wangapi, hali ya hewa ikoje hapo. Usikate simu mpaka waseme. Kama hakuna mtandao, toa ishara ya Alpini: filimbi, tochi au sauti mara sita kwa dakika moja, nyamaza dakika moja, rudia. Anayekujibu atatoa mara tatu kwa dakika.

Mfunike aliyeumia, mkalishe juu ya begi au kamba, asikae kwenye mawe au theluji. Helikopta ikija, funga kila kinachoweza kupeperuka, chuchumaa, na mtu mmoja tu asimame akiwa ameelekeza mgongo kwenye upepo na kuinua mikono yote miwili juu kama herufi Y, maana yake tunahitaji msaada. Mkono mmoja juu na mmoja chini maana yake hatuhitaji. Usiisogelee mpaka rubani au muokoaji akuite, na ukiitwa, ingia kutokea mbele anakoweza kukuona.